Brashi ya Sanamu Ndogo

Mwaka jana nilipewa kazi ya kupaka rangi upya sanamu za pango letu la Noeli, ndogo kama kidole. Nikanunua brashi ya bei rahisi. Mtakatifu Yosefu akatoka na makengeza, na watoto wakamcheka mbele ya pango siku yenyewe ya Noeli.

Basi, ukienda dukani usidanganywe na wembamba. Brashi nyembamba mno hushika rangi kidogo, nayo rangi hukauka kabla hujafika kwenye jicho. Afadhali namba 1 au 2, yenye tumbo nene na ncha kali. Omba maji, ichovye, uikung'ute mara moja kwa nguvu. Nywele zikikusanyika kuwa ncha moja, ni nzuri. Zikigawanyika kama ulimi wa nyoka, irudishe. Mwenye duka akikunyima maji, mwachie brashi zake! Itikise pia pete ya bati: ikicheza, nywele zitang'oka.

Zinazosifiwa kupita zote ni za manyoya ya mkia wa mnyama wa Siberia, jamaa ya kicheche wetu. Ni ghali kweli. Za nailoni nazo zafaa, ila hatimaye ncha hupinda kama ndoana.

Ukiwa umetumia rangi ya maji, ioshe brashi papo hapo kwa sabuni na maji baridi, uinyoshe ncha kwa vidole. Usiinyonye kamwe, rangi nyingine zina sumu. Wala usiiache imesimama kichwa chini kikombeni.

Yosefu wetu nitamrudia kabla ya Majilio.