Chimbuko Si Hoja: Dini za Bunilizi, Dini za Jadi na Wajibu wa Uhakiki

Mjadala juu ya imani zilizozaliwa na bunilizi umeendeshwa kwa mzaha zaidi kuliko kwa hoja. Katika sensa ya mwaka 2001 ya Uingereza na Wales, watu wapatao 390,000 walijiandikisha kuwa wafuasi wa Jedi, mashujaa wa filamu za George Lucas zilizoanza kuonyeshwa mwaka 1977. Wengi wao walitania, baadhi hawakutania. Kabla ya hapo, mwaka 1962, vijana wawili wa Kimarekani walikuwa wameanzisha jumuiya ya Church of All Worlds kwa kuiga kanisa lililobuniwa na Robert Heinlein katika riwaya yake ya mwaka 1961. Mwaka 2010 Carole Cusack aliandika kitabu kizima juu ya dini za aina hii. Swali linaloulizwa tangu hapo ni lile lile: je, imani iliyotoka katika riwaya au filamu inastahili heshima sawa na ile ya dini za jadi?

Majibu yanayotolewa ni ya kambi mbili. Kambi ya kwanza, ya wahafidhina, hushikilia kwamba dini ya kweli haina mwandishi; kwamba pale mtunzi anapojulikana, imani haipo, bali upo mchezo. Kambi ya pili, ya wasawazishaji, hujibu kwamba dini zote ni masimulizi. Kwamba kati ya kisasili cha mababu na filamu ya Hollywood hakuna tofauti ila umri. Makala hii inapinga kambi zote mbili. Zinahitilafiana juu ya jibu, lakini zimekubaliana juu ya kipimo, na kipimo chenyewe ndicho kibovu. Zote mbili hupima imani kwa chimbuko lake.

Ubovu wa kipimo hicho haudhihiriki London wala California. Unadhihirika mahali kama Kanyangi, katika nyanda kavu za Kitui, ambako ng'ambo ya Mto Athi ni Makueni na mlima wa Nzaui. Kwa mujibu wa kisasili mashuhuri cha Wakamba, Mulungu aliwashusha watu wa kwanza juu ya mwamba wa Nzaui, na alama zilizomo mwambani husemwa kuwa ni nyayo zao. Katika nchi hiyo hiyo, ibada ilifanyika katika ithembo, mahali patakatifu penye miti mikubwa ambayo ilikuwa mwiko kuikata, na hapo wazee, wanaume kwa wanawake, walitoa sadaka kuomba mvua. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyefanya utafiti Ukambani kuanzia mwaka 1910, aliyaandika mambo hayo kwa kirefu. John Mbiti, mzaliwa wa Mulango karibu na mji wa Kitui, aliyakusanya tena kwa jicho la mwenyeji.

Msawazishaji akifika hapa husema: hizi nazo ni hadithi. Kauli hiyo huonekana kuwa ya kijasiri, lakini kwa mwanafunzi wa fasihi simulizi ni kosa la somo la kwanza. M. M. Mulokozi, katika makala yake ya mwaka 1989 juu ya tanzu za fasihi simulizi, alitenga hadithi za kubuni na masimulizi ambayo jamii husadiki kuwa ni ya kweli. Utengano huo haukuletwa Ukambani na wasomi. Wasimulizi wenyewe walikuwa nao. Sungura na fisi wa ngano za jioni hawajapata kupelekewa sadaka. Kinyonga aliyetumwa kwa binadamu na ujumbe wa uzima, akatanguliwa na ndege, naye ni mnyama kama wale, lakini simulizi yake hutolewa kueleza kwa nini watu hufa. Haitolewi ili watoto wacheke. Wahusika ni wa jamii moja. Matumizi ndiyo yanayotofautiana. Anayesema kwamba vyote ni bunilizi amefuta mipaka ambayo bibi wa Kanyangi asiyejua kusoma huilinda bila taabu.

Hata hivyo, hoja hiyo isimpe mhafidhina furaha ya haraka, kwa maana historia ya Ukambani inamsuta yeye pia. Mwaka 1911, vuguvugu la kupagawa na pepo lililohusishwa na Siotune na Kiamba lilienea katika wilaya ya Machakos, ambayo wakati huo ilijumuisha Makueni. Serikali ya kikoloni ililizima na kuwaondosha viongozi wake. Mwaka 1922, katika wilaya hiyo hiyo, Ndonye wa Kauti alitangaza kwamba amepata ujumbe wa Mungu. Akakamatwa na kuhamishiwa Siyu, katika kisiwa cha Pate. Watu hawa walikuwa na majina. Siku ya mwanzo wa ujumbe wao ilijulikana. Kwa kipimo cha mhafidhina, walikuwa watunzi tu, na hivyo ndivyo watawala walivyowaona. Leo hii wanahistoria huwataja kwa heshima kama sauti za wanyonge chini ya ukoloni. Ni nini kilichobadilika? Chimbuko la ujumbe ni lile lile. Kilichoongezeka ni miaka tu, na miaka haiwezi kuugeuza uongo kuwa ukweli wala utani kuwa ibada.

Mfano wa Syokimau unalitia jambo hili nguvu. Inasimuliwa kwamba nabii huyo wa kike aliona nyoka mrefu akipita nchini, nyoka ambaye wafasiri wengi wanasema ni reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896. Mwenye shaka ana haki ya kuuliza kama utabiri ulitangulia reli au reli ilitangulia utabiri. Lakini shaka hiyo haikulizuia jina lake kupewa kituo cha treni kilichofunguliwa karibu na Nairobi mwaka 2012. Taifa limeipokea simulizi bila kudai cheti chake cha kuzaliwa. Anayekidai cheti hicho kwa imani changa peke yake anaupendelea ukongwe na kuuita upendeleo huo busara.

Kwa bahati, Ukambani umetoa mfano ulio karibu zaidi na swali lenyewe. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, alipata umaarufu katika miaka ya 1970 kwa vitabu vya mapenzi, pombe na maisha ya mjini, kikiwemo After 4.30 cha mwaka 1974. Baadaye mwandishi huyo huyo alitoa kitabu kikubwa alichokiita Ka, kitabu kitakatifu cha Neter, akikusudia kiwe msahafu wa dini ya Kiafrika. Majina yenyewe ni ya Misri ya kale: neter ni mungu, na ka ni nguvu ya uhai iliyomo ndani ya mtu. Hapa mtunzi wa riwaya ameandika maandiko matakatifu waziwazi, na hakuna haja ya kwenda Marekani kutafuta kielelezo.

Hoja nyepesi dhidi ya kitabu hicho ni kwamba mwandishi wa masimulizi ya ulevi hawezi kuandika msahafu. Hoja hiyo inamhukumu mtu na kuiacha kazi, na mhakiki hana budi kuitupa. Udhaifu wa Ka uko kwingine. Kwanza, ni msahafu uliotangulia waumini wake, ilhali ithembo lilikuwa na waumini bila msahafu. Pili, na hili ni zito zaidi, kitabu hicho kimekubali bila ubishi kanuni ya wamisionari kwamba dini isiyo na kitabu si dini kamili. Mwaka 1970 Okot p'Bitek aliwashutumu wasomi wa Kiafrika, Mbiti akiwa miongoni mwao, kwa kuwavika miungu wa Afrika mavazi ya Kiyunani ili wakubalike mbele ya wageni. Mavazi ya Kimisri yanaweza kuwa ya heshima zaidi kwa Mwafrika, lakini bado ni ya kuazima. Mkulima wa Kanyangi anayeangalia mawingu mwezi wa Novemba hapati humo miti wala wazee wanaomfahamu kwa jina.

Kipimo kinachofaa kinachomoza hapa. Jambo la kuulizwa ni simulizi inawadai nini wale wanaoiamini, na wao wana uwezo gani wa kuihoji. Ithembo liliwadai watu mbuzi, muda, miiko na kupatana, kwa kuwa sadaka ilitolewa kwa niaba ya wote. Tena halikuwa mali ya mtu. Baraza la wazee ndilo lililoshughulikia ibada, na simulizi isiyo na mwandishi mmoja haina mtu mmoja wa kuifunga tafsiri yake. Jedi, kwa upande wake, ni mali ya kampuni: Disney iliinunua Lucasfilm mwaka 2012, na tangu hapo mwenye hakimiliki ndiye anayeamua nani alikufa na nani amefufuka. Muumini ambaye kisasili chake kinaweza kubadilishwa na bodi ya wakurugenzi ana tatizo ambalo mzee wa Kanyangi hakupata kuwa nalo.

Inafaa kuzingatia kwamba mwezi Desemba 2016 tume inayosimamia mashirika ya hisani ya Uingereza na Wales ililikataa ombi la jumuiya moja ya Jedi la kusajiliwa kama shirika la hisani la kidini. Kosa lililotajwa halikuwa filamu. Tume ilieleza kwamba mafundisho hayakuwa na mshikamano wa kutosha wala sifa za kiroho zilizohitajika. Maana yake ni kwamba mlango haukufungwa kwa sababu ya chimbuko. Jumuiya ya mwaka 1962, ambayo wafuasi wake wameishi kwa kanuni zake kwa miongo kadhaa, inastahili kusikilizwa kwa makini zaidi kuliko kicheko, hata kama ilianzia katika riwaya.

Pingamizi moja kubwa halina budi kujibiwa. Ikiwa kipimo ni kile ambacho imani inadai kwa wafuasi wake, basi hakuna imani iliyodai zaidi ya ile ya Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ambako mwaka 2023 na baadaye ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, wengi wao wakiaminika kuwa walifunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Pingamizi hili linaithibitisha hoja ya makala hii. Mahubiri ya Shakahola hayakutoka katika filamu. Yalijinasibisha na kitabu kinachoheshimiwa kuliko vyote nchini Kenya, na heshima hiyo ndiyo iliyowafanya wengi wanyamaze. Kilichokosekana ni sehemu ya pili ya kipimo: waumini hawakuwa na nafasi ya kuhoji. Anayepima kwa chimbuko angeipitisha Shakahola na kuwazuia Jedi mlangoni.

Inabakia kulitazama neno heshima lenyewe, kwa sababu limebebeshwa maana mbili. Kuna heshima ya sheria. Ibara ya 8 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema kwamba hakutakuwa na dini ya taifa, na Ibara ya 32 inampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, imani na maoni. Ibara hizo haziulizi chimbuko, na zisiulize. Mbele yake, muumini wa Jedi, msomaji wa Ka na mwombaji wa ithembo ni sawasawa. Kuna pia heshima ya uhakiki, na hiyo haigawanywi sawasawa. Kuipa kila simulizi uzito mmoja ni kukataa kuisoma hata moja.

Pamoja na hayo, swali lililoanzisha mjadala huu lina dhana moja iliyojificha: kwamba dini za jadi tayari zinaheshimiwa, na kwamba suala ni kama wageni wakaribishwe katika karamu hiyo. Karamu yenyewe iko wapi? Katika mfumo wa elimu wa 8-4-4, Ukristo, Uislamu na Uhindu kila mmoja ulikuwa somo lake lenye mtihani wa taifa. Dini za Kiafrika ziliwekwa kuwa mada ndani ya somo la dini ya Kikristo, kama utangulizi wa jambo kubwa lijalo. Katika sensa ya mwaka 2019 wafuasi wa dini za jadi walikuwa takriban 318,000 katika nchi ya watu milioni 47, chini ya nusu ya wale waliosema hawana dini kabisa. Dini ya jadi husifiwa makongamanoni na kuonewa aibu nyumbani. Kuidai Jedi heshima "ile ile" ni kuidai kitu ambacho ithembo halijapewa.

Idara za fasihi zina sehemu yao katika lawama hii. Kanyangi iko katika eneo bunge moja na Kwavonza, kilipo Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya. Mwanafunzi anaweza kutoka kwa bibi yake asubuhi na kuwa darasani siku hiyo hiyo. Akikuta kwamba katika silabasi yoyote ile, hapo au penginepo, neno la bibi yake limewekwa kapu moja na sungura, ataelewa kwamba msomi hakusikiliza. Wajibu wa kwanza wa uhakiki si kuamua kama Jedi ni dini. Ni kwenda kumuuliza bibi yule ni simulizi zipi alizozisimulia ili watoto wacheke, na ni zipi zilizomfanya atoe mbuzi wake wa mwisho wakati wa kiangazi, kabla hajaondoka nazo.