FUNDI BILA CHETI HUHESABIWA KIBARUA



Reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017 ilipokuwa ikijengwa hapa Voi, vijana wetu wengi walichanganya zege, wakakunja nondo, wakajenga kuta. Kazi ilipokwisha walirudi nyumbani na ujuzi mikononi, lakini bila karatasi. Leo wakiomba kazi ya uashi, huandikwa vibarua na kulipwa kama vibarua.

Dawa ipo. Vyuo vya ufundi vya kaunti vinafundisha uashi na useremala. Hata aliyejifunzia kazini aweza kufanya mtihani wa ufundi wa serikali, daraja la tatu, kisha la pili na la kwanza. Tena sheria humtoza mwajiri shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanya kazi, kwa ajili ya mafunzo. Fedha hizo hutolewa kwa hesabu ya vichwa vyetu. Nani kati yetu amewahi kuuliza zimemfundisha nani?

Mimi elimu yangu ni ya shule ya misheni tu, lakini hesabu hii naielewa. Wajumbe wetu wadai ruhusa yenye mshahara kwa siku za mtihani. Nasi tujiandikishe, tusingoje kusukumwa.