Nguvu za Subaru zaongezwa gerejini, breki zaachwa nyuma

MLIO wa Subaru Impreza iliyofunguliwa bomba la moshi husikika kabla ya gari lenyewe kuonekana. Wakazi wa mitaa iliyo kandokando ya Barabara Kuu ya Thika wameuzoea, hususan usiku wa mwisho wa juma, na wengi wamekwisha kuacha kulalamika. Wanaolalamikia kelele, hata hivyo, wameshika upande mwepesi wa jambo hili. Swali zito ni kile kilichofanywa chini ya boneti na kwenye magurudumu, na nani aliyekikagua kabla ya gari hilo kurudishwa barabarani miongoni mwa matatu, bodaboda na watoto wanaovuka kwenda shuleni.

Mapenzi ya Wakenya kwa gari hili hayakuzuka hivi hivi. Mwaka 1994, Patrick Njiru alimaliza wa nne katika mashindano ya Safari Rally akiendesha Impreza. Colin McRae alishinda mashindano hayo kwa Impreza mwaka 1997, na Richard Burns akafanya vivyo hivyo mwaka 2000. Vijana waliokuwa wakisimama kwenye vichuguu kungojea vumbi leo ni watu wazima wenye mishahara. Safari iliporejea katika ratiba ya ubingwa wa dunia mwaka 2021, huko Naivasha, baada ya kukosekana tangu 2002, uliwaka moto ambao haukuwa umezimika.

Ipo pia sababu ya kijiografia, ambayo mafundi huifahamu ingawa hawaielezi kwa lugha ya darasani. Nairobi iko takriban mita 1,700 juu ya bahari, na Eldoret iko juu zaidi, mita 2,100 hivi. Hewa ya huko ni hafifu, na injini ya kawaida hupoteza kati ya asilimia 15 na 20 ya nguvu ambazo ingekuwa nazo Mombasa. Injini yenye turbo hushindilia hewa kabla ya kuivuta, hivyo hasara hiyo huifidia kwa kiasi kikubwa. Dereva anayepanda Limuru katika gari la turbo huwapita wenzake bila jasho, na kuanzia hapo huwa vigumu kumshawishi kwamba nguvu zilizotoka kiwandani zinamtosha.

Hivyo humwendea fundi. Katika gereji za Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado huiita Grogan, na nyinginezo zilizotapakaa viungani mwa jiji, kazi hiyo ina wataalamu wa kweli. Si haki kuwaweka wote katika kapu moja na matapeli. Fundi anayeijua EJ20, injini ya Subaru ya lita mbili iliyoanza kuuzwa ndani ya Legacy mwaka 1989, ana ujuzi usiofundishwa katika vyuo vingi vya humu nchini. Tatizo ni mpangilio wa mahitaji ya mteja. Fedha za kwanza huenda kwenye bomba la moshi kwa kuwa husikika, kisha kwenye rimu kwa kuwa huonekana, halafu kwenye msukumo wa turbo. Breki, bushi na shoki husubiri mshahara wa mwezi ujao, ambao kwa kawaida huwa na kazi nyingine.

Impreza za STI zilizouzwa Japani miaka ya mwisho ya 1990 zilitangazwa kuwa na nguvu za farasi 280, na zilitengenezwa zikitarajiwa kunywa petroli ya daraja la juu ya nchi hiyo, yenye oktani karibu 100. Petroli ya kawaida inayouzwa katika vituo vya Kenya iko chini ya kiwango hicho. Msukumo wa turbo ukiongezwa bila kompyuta ya injini kupangwa upya kulingana na mafuta yaliyopo, mchanganyiko wa hewa na petroli hulipuka kabla ya wakati wake ndani ya silinda. Mlipuko huo hugonga pistoni kama nyundo. Pistoni hupasuka kingoni na injini hufa, mara nyingi mwenyewe akimlaumu aliyemuuzia gari.

Kufa kwa injini ni hasara ya mtu mmoja. Kushindwa kusimama ni hasara ya wengi. Gari linalokwenda kilomita 110 kwa saa, kikomo cha juu kabisa kinachoruhusiwa gari dogo nchini, hula mita 30 hivi kila sekunde, kabla mguu haujaigusa breki. Mwendo ukifika kilomita 160, nishati ambayo breki hutakiwa kuimeza haiongezeki kwa nusu, kama wengi wanavyodhani. Huzidi maradufu, na umbali wa kusimama huongezeka vivyo hivyo. Gari lililoongezwa nguvu likaachiwa breki za kawaida zilizochakaa linaweza kufikia mwendo huo kwa urahisi mno, na kutoka humo kwa shida mno.

Upande wa springi na shoki, uigaji umepita kiasi. Wapo wanaolishusha gari kwa kukata springi, wakiiga picha za magari ya viwanja vya mashindano vya Japani na Ulaya, ambako lami ni laini kama kioo. Kulishusha gari kwa vifaa vilivyokusudiwa kazi hiyo hupunguza kuyumba kwenye kona. Springi iliyokatwa kwa msumeno ni jambo jingine: shoki hukosa nafasi ya kushuka na kupanda, na kwenye shimo au tuta lisilo na alama gurudumu huruka na kuiacha lami. Gurudumu lililo hewani halina breki wala usukani. Kundi la pili huliinua gari kwa kuweka vipande vya alumini au plastiki juu ya shoki ili lisigonge matuta. Haja yao inaeleweka, ila uzito nao hupanda juu, na maungio ya ekseli hupinda kupita kiasi hadi mipira yake ikakatika. La kustaajabisha ni kwamba magari ya Safari Rally yenyewe, yale yaliyowatia wazimu huu, hupewa shoki ndefu zenye nafasi kubwa ya kucheza. Wanaokata springi wameiga rangi na stika, wakaacha kilicholifikisha gari mwisho wa safari.

Kuhusu tairi, maelezo yameandikwa ubavuni mwake na ni wachache wanaoyasoma. Herufi H humaanisha tairi hiyo imeundwa kustahimili mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa, na V hadi 240. Tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT huonyesha wiki na mwaka wa kutengenezwa, kwa mfano 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira hukauka na kuwa mgumu hata kama haujatembea, na tairi kuukuu iliyoletwa kutoka ng'ambo inaweza kuwa na kashata nzuri ilhali haishiki lami wakati wa mvua. Aidha, Subaru nyingi huendeshwa na magurudumu yote manne. Kununua tairi mbili mpya na kubakiza mbili zilizolika, kama ilivyo desturi mfuko ukiwa mwepesi, huyafanya magurudumu yazunguke kwa kasi tofauti na kuuchosha mfumo wa kati unaogawa nguvu.

Umri wa magari yenyewe waongeza uzito wa haya yote. Kanuni za uagizaji huzuia magari yaliyozidi miaka minane. Kwa hivyo Impreza za kati ya 2000 na 2007, zinazopendwa zaidi na warekebishaji, haziwezi tena kuletwa. Zilizopo zilikwisha kuingia zamani, zimepitia mikono kadhaa, na bushi zake za mpira zimeonja mashimo ya miaka mingi. Kiunzi hicho ndicho kinachoongezwa nguvu.

Serikali haikosi sheria. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka kila gari lililozidi miaka minne tangu kutengenezwa likaguliwe. Kwa kuwa magari mengi yanayoagizwa yakiwa yametumika hufika yakiwa yamevuka umri huo, sharti hilo lingegusa karibu yote. Hata hivyo, utekelezaji kwa miaka mingi umeelekezwa kwa matatu, malori na magari mengine ya biashara. Gari la kibinafsi hukaguliwa Japani kabla ya kupakiwa melini ili lipate cheti cha ubora, na kwa mengi huo ndio ukaguzi wa mwisho wa maana maishani mwake. Huko lilikotoka, gari jipya la kibinafsi hukaguliwa baada ya miaka mitatu, kisha kila baada ya miwili. Marekebisho yanaruhusiwa, mradi breki, kelele na kimo cha gari vipite kipimo. Lililoshushwa chini ya sentimita tisa kutoka ardhini halipiti.

Wanaotaka marekebisho yote yapigwe marufuku watawaua mafundi hodari na kuwaacha walaghai, ambao hawajali marufuku. Wanaosema gari ni mali ya mtu binafsi na alifanyie apendavyo wanasahau kwamba barabara si mali yake. Lililo jepesi zaidi ni kuanza na sharti lililomo sheriani tayari, kwa breki, usukani, shoki na tairi, na kuongeza vituo, kwani kituo cha Barabara ya Likoni jijini Nairobi na vile vichache vya kaunti haviwezi kupokea magari yote ya kibinafsi bila foleni za kuzalisha rushwa.

Pengo jingine limo katika kumbukumbu. Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi (NTSA) huarifiwa injini au rangi ya gari inapobadilishwa, nayo hubadilisha maelezo ya usajili. Springi iliyokatwa na kompyuta iliyochezewa haziachi alama yoyote katika maelezo hayo. Gari likiuzwa, na magari haya huuzwa mara kwa mara, mnunuzi hupewa kitabu cha usajili kinachoonyesha rangi na nambari ya injini. Kisha huliwasha, akawapakia wanawe na kushika njia ya kwenda mashambani.