Madijei wa melini walifungiwa bahari, wakafunguliwa studio

Agosti 14, 1967, serikali ya Uingereza ilipiga marufuku biashara ya mpakani iliyokuwa ikifanyika mbele ya macho yake kwa zaidi ya miaka mitatu. Bidhaa yenyewe ilikuwa muziki: rock, pop na nyimbo mpya kutoka Marekani. Wauzaji walikuwa vijana waliokaa melini, nje kidogo ya maji ya Uingereza, wakirusha matangazo yao hadi nchi kavu. Siku 47 baadaye, shirika la utangazaji la umma la nchi hiyohiyo, BBC, lilifungua redio mpya ya muziki wa vijana. Dijei wa kwanza kusikika alikuwa ametoka melini.

Nawaomba wasomaji wa safu hii, ambao wengi wenu mnaijua mipaka yetu kwa miguu kuliko kwa ramani, tuitazame habari hiyo kwa makini. Ndani yake lipo jambo ambalo serikali za Afrika Mashariki bado hazijalifanya vya kutosha. Anayeifunga njia ya panya anapaswa, siku hiyohiyo, kumfungulia mlango yule aliyekuwa akiipita, kwa kuwa yeye ndiye anayelijua soko.

Tuanze na chanzo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, BBC peke yake ndiyo iliyokuwa na ruhusa ya kuendesha redio Uingereza. Makubaliano yake na kampuni za kurekodi pamoja na chama cha wanamuziki yaliibana ipige santuri kwa saa chache tu kwa siku. Muda uliobaki iliujaza kwa mazungumzo, na kwa bendi zilizoajiriwa kupiga nyimbo za watu wengine. Kijana aliyetaka kuwasikia Beatles au Rolling Stones mchana kutwa hakuwa na pa kwenda. Usiku alihangaika na Radio Luxembourg, iliyorusha matangazo kutoka nchi nyingine, sauti ikija na kupotea. Wateja walikuwa wengi, duka lilikuwa moja, na lilipima kwa kijiko.

Palipo na hali hiyo, mfanyabiashara hakosi kutokea. Mwaka 1964 Ronan O'Rahilly, kijana wa Ireland, alipata feri kuukuu ya Denmark iliyoitwa Fredericia, akaifunga mitambo katika bandari ndogo ya Greenore nchini kwao, akaipa jina Caroline. Pasaka ya mwaka huo meli ilitia nanga mashariki mwa pwani ya Uingereza na kuanza kutangaza. Siku hizo maji ya Uingereza yaliishia maili 3 kutoka pwani. Caroline ilikaa nje ya mstari huo, ikipeperusha bendera ya Panama, na kwa sheria ya wakati ule hapakuwa na wa kuigusa. Kabla mwaka haujaisha ikaja Radio London, kwa mtaji wa Wamarekani, ndani ya meli iliyowahi kutumiwa na jeshi la majini la Marekani. Wengine walipanda juu ya ngome za vita zilizoachwa kwenye mlango wa mto Thames, wakafunga mitambo humo.

Madijei waliishi melini kwa majuma, kisha wakachukuliwa na boti ya ugavi kwenda kupumzika nchi kavu. Boti hiyo ndiyo iliyoleta chakula, mafuta, maji, santuri mpya na magunia ya barua za wasikilizaji. Humo ndimo walimojifunza kazi Tony Blackburn, Johnnie Walker, Kenny Everett, Dave Cash na wenzao. Walizungumza na msikilizaji kama rafiki, bila karatasi ya kusoma. Walijua wimbo gani uchezwe asubuhi na upi ungoje usiku. John Peel, aliyefika Radio London mwaka 1967 akitokea Marekani, alipewa saa za usiku wa manane ambazo wakubwa hawakuzijali. Akapiga muziki ambao hakuna mwingine aliyethubutu kuupiga, na barua zikamiminika. Huo ulikuwa utafiti wa soko, uliofanywa na mtu mmoja chumbani baharini, bila kulipwa ada ya ushauri.

Nisiwapake madijei na mabosi wao mafuta kwa mgongo wa chupa. Serikali ilikuwa na hoja. Meli zilitumia masafa yaliyokuwa yamegawiwa nchi nyingine. Kampuni za kurekodi zililalamika kwamba santuri zao zinachezwa bila malipo. Kubwa zaidi, biashara iliyo nje ya sheria haina hakimu wa kuamua ugomvi. Juni 1966 wenye redio wawili waligombania mtambo uliokuwa kwenye ngome moja ya Thames. Mmoja, Oliver Smedley, alipeleka watu kuiteka ngome. Mwenzake, Reg Calvert wa Radio City, alimfuata nyumbani kwake, akapigwa risasi na kufa. Mahakama ilimwachia Smedley kwa kuwa alijitetea. Mfanyabiashara yeyote aliyewahi kudhulumiwa mzigo kwenye njia ya panya anaelewa maana ya kutokuwa na pa kushitaki.

Nchi za Ulaya zilikuwa zimekubaliana mjini Strasbourg mwaka 1965 kuzizuia redio za namna hii kwa pamoja. Uingereza ikatunga sheria yake, ikaanza kutumika usiku wa kuamkia Agosti 15, 1967. Angalieni ilivyotungwa. Haikuhangaika kupanda melini. Ilimkataza Mwingereza kufanya kazi humo, kupeleka chakula au mafuta, na kuweka tangazo la biashara. Ilikata mkono wa ugavi, kama anavyofanya ofisa anayewaacha wapita njia akamkamata mwenye ghala. Radio London ilizima mitambo mchana wa Agosti 14, kabla sheria haijaingia. Caroline ikaendelea, Johnnie Walker akiwa miongoni mwa waliobaki melini. Lakini bila matangazo ya kueleweka, deni la boti za ugavi lilikua. Machi 1968 meli zake zilikokotwa hadi Uholanzi kwa sababu ya deni hilo.

Tuone sasa kilichofanywa upande wa pili. BBC ingeweza kusema kwamba vijana hawa ni wahalifu, wasikanyage studio zake. Ingeweza kuwafundisha watumishi wake wa zamani jinsi ya kuzungumza na vijana, na ingekuwa ikiendelea kuwafundisha hadi leo. Badala yake ilikwenda moja kwa moja kwa wanaojua kazi. Septemba 30, 1967, saa 1 asubuhi, Tony Blackburn alifungua Radio 1. Peel, Everett, Cash na wengine wengi wa melini walikuwemo katika kikosi cha mwanzo. Johnnie Walker, aliyebaki baharini baada ya sheria, naye aliajiriwa na BBC mwaka 1969. Peel alidumu Radio 1 miaka 37, hadi alipofariki mwaka 2004. Bendi nyingi zilizotikisa Uingereza zilipata nafasi ya kwanza redioni kupitia kipindi chake. Faida hiyo yote ingepotea kama mtu mmoja ofisini angesema, "Huyu alikuwa wa magendo."

Hata hivyo mlango ule ulikuwa mwembamba. Uliwapokea madijei, ambao sauti zao zilijulikana nchi nzima. Mafundi, mabaharia wa boti na wauza matangazo hawakuitwa na mtu. Redio binafsi za kibiashara ziliruhusiwa kwa sheria ya mwaka 1972, na Capital Radio ya London ikaanza Oktoba 1973, ikiwachukua tena Everett na Cash. Tangu meli zifungwe hadi hapo ilipita miaka 6. Mtu mwenye mtaji mdogo hasubiri miaka 6. Anahama kazi, au anarudi gizani.

Hapo ndipo habari hii inapofika Busia, Namanga, Mutukula na Rusumo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha tangu mwaka 2005 na soko la pamoja tangu mwaka 2010. Upo utaratibu rahisi wa biashara kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani: bidhaa iliyozalishwa ndani ya Jumuiya na iliyomo kwenye orodha hupewa cheti rahisi cha asili hapohapo mpakani, haitozwi ushuru wa forodha, na mwenye mzigo halazimiki kuweka wakala. Vipo pia vituo vya pamoja vya forodha, ambamo maofisa wa nchi mbili hukaa jengo moja. Haya si mambo madogo, na waliopigania yapatikane wanastahili shukrani.

Lakini mlango wa karatasi na mlango wa kupita ni vitu viwili. Mama anayevusha nyanya na dagaa kwa miaka 15 anajua bei ya pande mbili kabla hajaamka kitandani. Anajua siku ya gulio, msimu wa kila zao, nani hulipa na nani hukopa asirudi. Mara nyingi anachokosa ni habari kwamba cheti kile kipo, ni cha bure, na yeye ni miongoni mwa waliokusudiwa. Operesheni ya kufunga njia za panya inapofanyika, anakutana na askari kwanza. Maelezo ya cheti huja baadaye, kwenye semina hotelini, ambako yeye hakualikwa.

Tukumbuke mahindi ya Machi 2021. Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hofu ya sumukuvu. Hofu hiyo ilikuwa ya haki, kwani sumukuvu huua, na hakuna mfanyabiashara mwenye akili atakayetetea kuuza sumu. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti: waagizaji wajisajili, na mzigo uwe na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumukuvu hakivuki mpaka uliowekwa. Masharti ni mazuri. Swali langu ni nani aliyeweza kuyatimiza juma lile. Mwenye malori, ofisi na karani wa kufuatilia cheti aliweza. Mwenye magunia 10 kwenye mkokoteni alirudi nyumbani, au alitafuta njia nyingine. Mlango ulifunguka, ila kwa kimo cha watu warefu.

Kwa hiyo nina mambo matatu ya kuwaambia wenye mamlaka. La kwanza, siku ya kufunga njia iwe siku ya kufungua dawati. Askari asitangulie na karani akafuata. Waende pamoja, na aliyekamatwa na mzigo halali wa thamani ndogo aelekezwe kwenye cheti kabla ya kutaifishiwa. La pili, madawati ya taarifa za biashara mpakani yaajiri watu waliotoka kwenye biashara yenyewe, waliopendekezwa na vyama vya wafanyabiashara. Aliyepita njia ya panya kwa miaka 10 anajua kwa nini watu huipita, na anaaminika kwa wenzake kuliko kijana mgeni mwenye shahada. La tatu, vipimo vya ubora visogee karibu na soko, kwa gharama ambayo mzigo mdogo unaweza kuibeba, na chama kiruhusiwe kupima mzigo wa wanachama kwa pamoja.

Kwenu ndugu zangu wafanyabiashara nina moja. Mlango ukifunguliwa, ingieni. Najua yapo mambo ya kuvunja moyo: foleni, mtandao ulio chini, ofisa anayetaka "chai". Lakini gizani hakuna risiti, hakuna benki itakayowakopesha, na mzigo ukipotea hakuna wa kumlilia. Waliobaki melini mwaka 1967 walikuwa na ujasiri na wasikilizaji walikuwa wakiwapenda. Deni la ugavi halikuuliza hayo. Ingieni, tena ingieni kwa vyama, maana mlango uliosukumwa na watu 100 haufungwi kirahisi kama uliobishwa hodi na mmoja.

Radio Caroline ilizama, ikaibuka, ikahamahama kwa miongo kadhaa. Mwaka 2017, miaka 50 baada ya sheria ile, mamlaka ya mawasiliano ya Uingereza iliipa leseni ya kutangaza katika masafa ya kilohezi 648, yaleyale yaliyowahi kutumiwa na idhaa ya dunia ya BBC. Leo inasikika kihalali. Waliosubiri walipata haki yao wakiwa wazee, na wengine hawakuiona. Wafanyabiashara wa mipaka yetu hawana miaka 50 ya kusubiri. Ada za shule zinalipwa muhula huu.