Hukupenda mwisho wa Zélie? Sema, usimung'unye maneno

Ulingoja, na ulingoja sana. Kitabu cha pili cha Tomi Adeyemi kilitoka Desemba 2019, kikamwacha Zélie amefungwa minyororo ndani ya merikebu asiyoijua. Kisha kimya. Cha tatu na cha mwisho, Children of Anguish and Anarchy, kilifika Juni 2024. Miaka minne na nusu, bana! Kama ulikuwa kidato cha kwanza ulipoanza safari hii 2018, uliimaliza ukiwa mtu mzima mwenye kitambulisho mfukoni.

Tangu hapo wasomaji hawasikizani. Hapa hatumwagi mtama, ila malalamiko yenyewe si siri. Kwa vitabu viwili tulipigania swali moja: je, maji (usicheke, si yale ya mferejini, ni watu wenye uchawi) wataishi vipi na ufalme uliowaua wazazi wao? Cha tatu kinaleta adui mpya kutoka ng'ambo ya bahari, na ugomvi wa nyumbani unasukumwa kando. Tena kitabu ni kifupi. Cha kwanza kina zaidi ya kurasa 500, hiki hakifiki 400. Wengi wanahisi kwamba mwisho umekimbizwa.

Wengine wanakitetea, nao wana hoja. Watu weusi ndani ya merikebu, minyororo miguuni, wakivushwa bahari: hiyo ni historia ya Afrika Magharibi, haikutoka hewani. Adeyemi ni Mmarekani mwenye asili ya Nigeria, na mwishoni mwa kitabu cha kwanza anaeleza kwamba alikiandika kwa uchungu wa watu weusi waliouawa na polisi Marekani. Kwa wasomaji hawa, merikebu ile ilikuwa njiani tangu mwanzo.

Kundi linalotusumbua ni la tatu: waliovunjika moyo wakanyamaza. Ukiwauliza, wanakwambia, "Si ni wetu? Tukimponda sisi, nani atamnunua?"

Tunaelewa hofu hiyo. Wengi wetu tulikua tukisoma wachawi wa Uingereza wenye majumba ya mawe na theluji. Halafu akaja msichana mweusi mwenye nywele nyeupe, anayeita uchawi wake kwa Kiyoruba. Ukipata kitu kama hicho unakishika kwa mikono miwili, na unaogopa kukikosoa mbele za watu.

Lakini hapo hatukubaliani nawe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Mwandishi wa Kiafrika anayesifiwa kwa lolote anachukuliwa kama mtoto aliyechora nyumba ya vijiti, wote wanapiga makofi na hakuna anayeitazama picha. Heshima ni kumsoma kama unavyowasoma wengine wote, kwa macho makali. Fantasia ya Afrika haitakufa kwa sababu ulisema kitabu kimoja kimekwama. Itaumia siku msomaji mpya atakaponunua kwa sifa zako, ajione amedanganywa, asirudi tena.

Kusema ukweli pia kuna adabu yake. Kwanza, maliza kitabu. Pili, "kimeniboesha" si hoja; onyesha ni wapi kilikupoteza, ni mhusika gani aliachwa njiani. Tatu, taja pia kilichokugusa, maana kipo. Na kumtukana mwandishi, sura yake au kwao, si uhakiki. Hiyo ni hasira tu imekosa pa kwenda. Hakuna aliyekusainia mkataba kwamba Zélie ataishia unavyotaka.

Jiulize pia kama hukubadilika wewe. Uliyekisoma cha kwanza ukiwa na miaka 14 si wewe wa leo, na hakuna mwisho unaoweza kukurudishia zile siku ulizosomea chini ya blanketi kwa tochi ya simu.

Wasomaji wapya wanakuja. Filamu ya kitabu cha kwanza imekabidhiwa mwelekezi Gina Prince-Bythewood, na Thuso Mbedu wa Afrika Kusini ndiye Zélie. Wadogo zako wataitazama, kisha watakuomba vitabu. Watakuuliza swali moja tu: "Inaisha vizuri?"

Usiwajibu kwa kuguna. Wape vitabu vyote vitatu, waambie ulichopenda na kilichokuuma, halafu waache wasome wenyewe.