Afya ya Nyumbani: Sumaku na Ugonjwa

Yawezekana nanyi mmekwisha kuiona mashine hii. Pengine ni godoro, pengine ni mkeka wenye nyaya ndani, pengine ni bangili tu yenye vipande vya sumaku. Huletwa nyumbani, au huonyeshwa katika ukumbi uliokodiwa, na mtu nadhifu mwenye maneno mazuri. Asema sumaku yake husafisha damu, hushusha presha, huondoa kisukari, hulainisha magoti ya wazee na huleta usingizi. Tena asema haitibu kiungo kimoja tu kama wafanyavyo madaktari, bali humponya mtu pia mwili, akili na roho kwa pamoja. Mwisho hutaja bei, na bei hiyo yaweza kuwa karo ya mtoto ya mwaka mzima.

Je, yote hayo ni uongo? La, si yote. Ndiyo sababu jambo hili lataka kuelezwa taratibu. Uongo mtupu hugunduliwa upesi, lakini uongo uliochanganywa na kweli kidogo huingia hata katika nyumba za watu wenye busara.

Tuanze na ile kweli. Mwaka 1831 mtaalamu wa Uingereza, Michael Faraday, alionyesha kwamba nguvu ya sumaku ikibadilika karibu na waya, umeme huzaliwa ndani ya waya huo. Mwili wa mtu nao hupitisha umeme, maana una maji na chumvi nyingi. Basi chukua waya uliozungushwa mizunguko mingi, uupitishie umeme unaowaka na kuzimika upesi upesi: nguvu ya sumaku itokayo hapo huweza kuamsha umeme mdogo ndani ya nyama na mifupa, bila kisu wala sindano.

Mwaka 1957 Wajapani wawili, Eiichi Fukada na Iwao Yasuda, waliandika kwamba mfupa ukibanwa hutoa umeme kidogo. Madaktari wakaanza kujiuliza kama umeme waweza kuusaidia mfupa kuunga. Huko New York, Andrew Bassett na wenzake walitumia sumaku ya namna hii kwa wagonjwa ambao mifupa yao ilivunjika ikakataa kuunga. Mwaka 1979 serikali ya Marekani iliiruhusu kazi hiyo. Mgonjwa huvaa kifaa mahali palipovunjika kwa saa kadhaa kila siku, kwa muda wa miezi.

Kadhalika mwaka 1985, katika mji wa Sheffield, Uingereza, Anthony Barker na wenzake waliweka waya wa namna hiyo juu ya kichwa cha mtu, na vidole vyake vikashtuka bila yeye kutaka. Kutokana na kazi hiyo ilitengenezwa mashine ya kusaidia watu wenye sonona, yaani ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka. Marekani iliiruhusu mwaka 2008 kwa wagonjwa ambao dawa haikuwafaa. Mgonjwa huenda hospitali siku tano kwa juma, kwa majuma manne hadi sita.

Sasa angalieni vizuri. Kila mashine niliyoitaja ina ugonjwa wake mmoja, ina kipimo chake, ina siku zake, na daktari huisimamia. Hakuna aliyesema kwamba ile ya mfupa huondoa kisukari. Kuhusu maumivu ya magoti, majaribio mengine yameonyesha nafuu kidogo, na mengine hayakuona tofauti yoyote.

Na bangili je? Tumeona kwamba umeme huzaliwa pale ambapo nguvu ya sumaku inabadilika. Sumaku ya bangili imetulia tu, haiwaki wala haizimiki. Wauzaji husema kwamba inavuta chuma kilicho katika damu. Ni kweli damu ina chuma, lakini hakikukaa humo kama msumari. Katika hospitali kubwa kuna mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku yenye nguvu mara 20,000 na zaidi kuliko sumaku ya dunia. Mtu hulala ndani yake nusu saa, na damu yake haivutwi upande wowote. Bangili ya mkononi itafanya nini?

Mambo haya si mapya. Mwaka 1774 katika mji wa Vienna, daktari Franz Anton Mesmer alimwekea mgonjwa sumaku mwilini, naye akapata nafuu. Sumaku zenyewe alizipata kwa padre Mjesuiti, Maximilian Hell, mtaalamu wa elimu ya nyota. Baadaye Mesmer akasema kwamba sumaku za chuma hazihitajiki, maana nguvu yatoka mwilini mwake mwenyewe. Mwaka 1778 akahamia Paris, na wakubwa kwa wadogo wakamiminika kwake. Wengine walilia, wengine walianguka wakitetemeka, wengine wakasema wamepona.

Mwaka 1784 Mfalme Louis wa 16 aliunda tume ya wataalamu, miongoni mwao Mmarekani Benjamin Franklin na Mfaransa Antoine Lavoisier. Hawakubishana kwa maneno, walifanya jaribio. Katika bustani ya Franklin huko Passy, mwanafunzi wa Mesmer aitwaye Deslon alitia nguvu yake katika mti mmoja. Kisha akaletwa kijana wa miaka 12, mgonjwa ambaye Deslon mwenyewe alimchagua. Wakamfunga kitambaa machoni, wakampeleka kwenye mti mmoja baada ya mwingine. Kwenye mti wa nne kijana alizimia. Lakini mti wa nguvu haukuwa huo. Ulikuwa mbali naye! Tume ikaamua kwamba pale mtu alipoamini, mwili ulitikisika hata bila nguvu ile. Na pale alipokuwa hajui, nguvu ile haikufanya kitu.

Kijana yule hakudanganya, alizimia kweli. Vivyo hivyo jirani yako asemapo kwamba goti limepoa baada ya kulalia mkeka wa sumaku, usimwite mwongo. Maumivu mengi huja na kuondoka yenyewe. Tena mtu amelala, amepumzika, amesikilizwa, ametiwa tumaini. Mambo hayo husaidia. Lakini hayashushi sukari katika damu, wala hayaui vijidudu.

Hapo ndipo penye hatari. Mwenye presha akijisikia vizuri huacha vidonge vyake, ingawa presha haipimwi kwa kujisikia. Mwenye kisukari huacha sindano. Mwenye virusi vya UKIMWI huacha dawa za kufubaza, na virusi hurudi na nguvu. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao. Muuzaji akihama mji, mgonjwa na watoto wake ndio watakaobaki na matokeo.

Tena jueni kwamba mashine hizi zaweza kudhuru. Mtu aliyewekewa kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo asizikaribie bila ruhusa ya daktari wake, maana sumaku yaweza kukivuruga. Mama mjamzito naye ajiepushe nazo. Mwenye kifafa asikubali kabisa kuwekewa sumaku kichwani pasipo daktari kujua.

Iko na mashine nyingine, ile ya kupima. Unashika kipande cha chuma mkononi, na baada ya dakika moja kompyuta yatoa habari za figo, ini, mifupa na moyo wako. Kipande cha chuma kilichoshikwa mkononi hakiwezi kujua hayo yote. Kama mna mashaka, fanyeni kama wale wataalamu wa Passy. Mtu mmoja apimwe mara mbili, mara ya pili kwa jina lingine na umri mwingine. Kisha linganisheni karatasi zile mbili.

Kabla hamjatoa fedha, mwulizeni muuzaji maswali haya manne. Mashine hii yatibu ugonjwa gani hasa? Nani aliyeijaribu, asiyefaidika na mauzo yake? Je, naweza kuwa nayo huku nikiendelea na dawa za hospitali? Na isiponifaa, fedha yangu itarudi? Akitaja magonjwa ishirini kwa swali la kwanza, mmekwisha kupata jibu. Akiwaambia mwache dawa, mfungulieni mlango atoke.

Lakini na sisi tujiulize jambo moja. Kwa nini watu wetu humwendea? Mara nyingi ni kwa sababu aliketi nao. Katika zahanati foleni ni ndefu, na mganga hana nafasi ya kusikiliza sana. Nyumbani nako mzee aeleza juu ya goti lake, na vijana wamekwisha kuchoka kusikia. Basi akija mgeni na kumwuliza, “Mama, unalalaje usiku?” moyo wake wafunguka, na mfuko wake pia.

Shirika la Afya Duniani, katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948, lasema kwamba afya si kukosa ugonjwa tu, bali ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha pamoja na wenzetu. Sisi Wakristo tulijua hivyo zamani. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, twafundishwa kusali tuwapo wagonjwa, na papo hapo kumpa mganga nafasi yake. Hakuna amri ya kuchagua kimoja na kutupa kingine.

Kwa hiyo juma hili mwulizeni mzee wenu habari za usingizi wake, nanyi mketi mpaka amalize kujibu. Mwangalieni kama anameza vidonge vyake sawasawa. Siku ya kliniki msindikizeni, na jioni salini pamoja naye.