Sala Isigeuzwe Kisingizio



Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 2025, wanafunzi wa shule ya Kikatoliki ya Kupashwa Habari, mjini Minneapolis katika jimbo la Minnesota nchini Marekani, walikuwa kanisani kwa Misa ya juma la kwanza la mwaka wa masomo, pamoja na walimu wao na baadhi ya wazee wa parokia. Mtu mmoja alisimama nje na kumimina risasi ndani kupitia madirisha. Watoto wawili, mmoja wa miaka minane na mwingine wa miaka kumi, waliuawa palepale walipokuwa wameketi, na wengine wengi walijeruhiwa. Silaha alizokuja nazo zilikuwa tatu. Zote alizinunua kihalali.

Kabla watoto hao hawajazikwa, ugomvi ulikuwa umekwisha kuzuka, na ajabu ni kwamba ulihusu sala. Meya wa mji, Jacob Frey, alisema watu wasimletee tu yale maneno yaliyozoeleka ya "mawazo yetu na sala zetu ziko pamoja nanyi", kwa sababu watoto hao walikuwa wakisali walipopigwa risasi. Wapo waliokasirika, wakaona kwamba imani imetukanwa. Makamu wa Rais, JD Vance, Mkatoliki mwenzetu aliyepokelewa katika Kanisa mwaka 2019, alijibu kwamba hakuna anayedhani sala inachukua nafasi ya matendo, na kwamba watu husali kwa sababu mioyo yao imepondeka nao wanaamini kuwa Mungu anasikia.

Jibu hilo ni zuri, nami nalikubali lote. Lakini likikubaliwa, linazaa swali ambalo halijapata jibu: hayo matendo yako wapi?

Mimi ni padre, na kusali ndiyo kazi yangu ya kwanza. Nikisikia mtu anaidharau sala, naumia. Ndiyo maana nathubutu kusema kwamba katika ugomvi huu aliyeitukana sala si meya. Anayeitukana sala si yule aliyechoka kuisikia, bali ni yule aliyeichosha: mwanasiasa anayeitoa mfukoni kila baada ya mauaji kama mtu anavyotoa leso, akajifuta jasho, kisha akairudisha mfukoni hadi mauaji mengine. Mtakatifu Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, alikwisha kumchora mtu wa namna hiyo. Anamkuta ndugu yake uchi na mwenye njaa, anamtakia amani, joto na shibe, kisha anakwenda zake bila kumpa kitu. Yakobo hakusema kwamba kumtakia mtu heri ni kosa. Alisema kuna imani iliyokufa.

Tuangalie basi kumbukumbu. Tarehe 14 Desemba 2012, katika shule ya Sandy Hook, mji wa Newtown, Connecticut, waliuawa watoto 20 wa miaka sita na saba, pamoja na watu wazima sita waliokuwa wakiwatunza. Parokia ya Mtakatifu Rosa wa Lima ya mji huo ilifanya maziko ya mtoto mmoja baada ya mwingine, siku baada ya siku, karibu na Noeli. Taifa zima lilisali. Miezi minne baadaye, tarehe 17 Aprili 2013, Seneti ilipigia kura pendekezo la maseneta Joe Manchin na Pat Toomey, mmoja wa chama cha Democrat na mwingine wa Republican, wote wawili Wakatoliki. Pendekezo halikumnyang'anya mtu hata bastola moja. Lilitaka tu kwamba anayenunua silaha kwenye maonyesho ya bunduki au kwa matangazo ya intaneti achunguzwe kwanza kama hana rekodi ya uhalifu, sawa na anayenunua dukani kwa muuzaji mwenye leseni. Kura za ndiyo zilikuwa 54, za hapana 46. Kwa taratibu za Seneti zilihitajika 60, kwa hiyo pendekezo likaanguka. Waliopiga kura ya hapana nao walikuwa wametuma sala zao Newtown.

Wakati huohuo Chama cha Taifa cha Wenye Bunduki, NRA, kilitangaza kwamba kitu pekee cha kumzuia mtu mbaya mwenye bunduki ni mtu mwema mwenye bunduki. Hoja hiyo ilipimwa Uvalde, Texas, tarehe 24 Mei 2022. Kijana aliyetimiza miaka 18 siku chache tu kabla, ambaye sheria ya Marekani ilimwona bado mdogo mno kununua bia, alikuwa amejinunulia kihalali bunduki mbili za mtindo wa kijeshi. Aliingia katika shule ya msingi ya Robb, akaua watoto 19 na walimu wawili. Askari waliofika hapo walikuwa 376. Ilichukua dakika 77 kabla ya kumkabili na kumuua. Sitaki kuwahukumu askari hao mmoja mmoja. Mungu anajua hofu ya kila mmoja wao. Lakini asiniambie mtu kwamba siku ile Uvalde ilipungukiwa na watu wema wenye bunduki.

Wengine husema tatizo ni wagonjwa wa akili. Wagonjwa wa akili wapo katika kila taifa duniani. Uskochi nako yupo mtu aliyeingia shuleni, mjini Dunblane, tarehe 13 Machi 1996, akaua watoto 16 na mwalimu wao kwa bastola alizozimiliki kihalali. Waingereza walisali, wakalia, na kufikia mwisho wa mwaka 1997 Bunge lao lilikuwa limepiga marufuku bastola karibu zote mikononi mwa raia. Tangu hapo hawajazika tena darasa zima la watoto kwa sababu ya bunduki. Je, Waingereza wana imani kuliko Wamarekani? Makanisa yao ni matupu zaidi. Hilo linapaswa kutuaibisha sisi tunaoyajaza yetu.

Nije kwenye hoja ninayoiona kuwa ya hatari zaidi, kwa sababu imevaa kanzu ya dini. Ni ile isemayo kwamba kumiliki bunduki ni haki iliyotolewa na Mungu mwenyewe. Marekebisho ya Pili ya Katiba ya Marekani yaliidhinishwa mwaka 1791. Ni sentensi moja tu, nayo inaanza kwa kutaja jeshi la wananchi lenye utaratibu mzuri. Mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwa kura tano dhidi ya nne kwamba haki hiyo ni ya mtu binafsi. Aliyeiandika hukumu hiyo alikuwa Jaji Antonin Scalia, Mkatoliki shupavu, baba wa watoto tisa, ambaye hakuna atakayemshuku kuwa adui wa bunduki. Hata yeye aliandika wazi kwamba haki hiyo ina mipaka, kama haki nyingine zilivyo na mipaka, na kwamba hukumu yake haikufuta sheria zinazowanyima silaha wahalifu na wagonjwa wa akili, zinazokataza bunduki mashuleni, wala masharti ya biashara ya silaha. Basi yule anayesema kila sharti ni kumpinga Mungu amempita hata Scalia.

Kanisa linafundisha nini? Katekisimu, namba 2265, inakiri kwamba kujitetea kwa halali si haki tu, bali ni wajibu mzito kwa mwenye dhamana ya maisha ya wengine. Mtakatifu Thoma wa Akwino alifundisha hivyo, ila akaongeza kwamba nguvu inayotumika isizidi kipimo cha lazima. Mkulima wa Montana ambaye kituo cha polisi kiko mwendo wa saa nzima ana hoja, nami sina ugomvi naye. Lakini Katekisimu hiyohiyo, namba 2316, inasema serikali ina haki na wajibu wa kusimamia utengenezaji na uuzaji wa silaha. Alichotupa Mungu ni uhai. Bunduki ni chombo, kama lilivyo jembe, na chombo kikipewa heshima ya kitu kitakatifu, Biblia ina jina lake: sanamu.

Kuna wanaonitajia Luka 22:36, pale Bwana anapomwambia asiye na upanga auze vazi lake anunue. Wasome mistari michache mbele. Mitume walionyesha panga mbili tu, na Bwana akaona zatosha, ingawa kikosi kilikuwa njiani kuja. Panga lilipotumika usiku ule lilikata sikio la mtumishi, naye Yesu akaliponya na kukataza lisitumike tena. Sijui ni duka gani la bunduki linaloweza kujengwa juu ya sura hiyo.

Na bado sijagusa kaburi lililo kubwa kuliko yote. Mwaka 2023 watu 46,728 walikufa kwa bunduki nchini Marekani. Waliouawa na wengine walikaribia 18,000. Waliojiua wenyewe walizidi 27,000. Mauaji ya mashuleni, yanayotufikia kwenye televisheni, ni sehemu ndogo sana ya hesabu hiyo. Waliobaki wanakufa bila kamera: baba aliyefukuzwa kazi, kijana aliyeachwa na mchumba, mjane aliyechoka. Kila padre amekwisha kuketi na watu wa namna hiyo. Tunajua kwamba usiku wa kukata tamaa mara nyingi hupita. Asubuhi mtu huyohuyo anaomba chai. Lakini anayejaribu kujiua kwa bunduki hufa takriban mara tisa katika kumi, ilhali wengi wa wale wanaojaribu kwa njia nyingine huokoka, na walio wengi kati ya hao hawafi baadaye kwa kujiua. Bunduki iliyonunuliwa ili kumzuia mwizi inakaa kabatini miaka kumi ikimngoja mwizi asiyekuja, na usiku mmoja inamkuta mwenye nyumba. Sheria ya kufungia silaha kwa kufuli, sheria ya kusubiri siku chache kabla ya kukabidhiwa, sheria inayomruhusu hakimu kuihifadhi kwa muda bunduki ya mtu aliye hatarini: je, lipi kati ya hayo linamkosesha mkulima wa Montana usingizi?

Maaskofu wa Marekani wamekuwa wakidai kwa miaka mingi wanunuzi wote wachunguzwe. Papa Leo XIV, Mmarekani, siku nne baada ya Minneapolis aliomba Mungu akomeshe kuenea kwa silaha kubwa na ndogo, akikufananisha na ugonjwa wa mlipuko ulioikumba dunia. Na mwezi Juni 2022, baada ya Uvalde, maseneta wa vyama vyote viwili walipitisha sheria inayowachunguza kwa makini zaidi wanunuzi walio chini ya miaka 21. Ni hatua ndogo, lakini ilipigiwa kura na watu waleule waliozoea kusema haiwezekani.

Kwa wabunge Wakatoliki wa nchi ile nina swali moja zaidi. Wengi wao wanamtetea mtoto aliye tumboni, nami nawaunga mkono kwa moyo wote. Je, mtoto huyo anaacha kuwa wetu akiwa na umri gani? Miaka sita? Minane?

Baadhi yenu mtauliza haya yanatuhusu nini sisi. Wengi tuna watoto na ndugu wanaosoma na kufanya kazi huko. Na katika Misa za Kiswahili zinazoadhimishwa katika baadhi ya miji ya Marekani wamo Wakongomani waliokimbia bunduki za Kivu, ambao leo watoto wao wanafundishwa shuleni namna ya kujificha chini ya dawati.

Jumapili hii Sala ya Waamini itakuwa na ombi moja zaidi. Pamoja na kuwaombea wafiwa faraja, tutawaombea kwa vyeo vyao maseneta na wabunge Wakatoliki wa Marekani, wapewe ujasiri wa kupiga kura inayoweza kuwagharimu viti vyao. Ni ombi refu kidogo. Nimewaagiza wasomaji wa Misa zote wasilifupishe.